Zaburi, Ayubu na Sira: Namna Simiyu Inavyosoma Hekima ya Waebrania

Katika misiba mingi ya Bariadi waombolezaji hawatoki kanisa moja. Marehemu alikuwa Mkatoliki, dada zake ni Wasabato, shemeji yake ni mzee wa kanisa AICT, na wajukuu wanasali kwa Wapentekoste. Katekista anasimama kusoma sura ya tatu ya Hekima ya Sulemani, inayozungumzia hatima ya wenye haki baada ya kufa. Waliokuja na Biblia zao wanafungua. Wanapita Mhubiri, wanapita Wimbo Ulio Bora, ghafla wako Isaya. Kitabu hicho hakimo. Mjadala unawaka wakati wa chakula: kuna waliopunguza Biblia, au kuna walioiongeza?

Siku hizi simu nazo zinachochea. Klipu zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikidai kwamba Henoko na wenzake ni vitabu “vilivyofichwa”, na anayezisambaza hujiona amegundua siri. Humo humo kuna anayesema Zaburi haziwezi kueleweka bila Kiebrania, na mwingine anayemjibu kwamba elimu ya chuo inaua roho.

Ukiyatenga maneno hayo, yapo maswali matatu: tusome vitabu vipi, tusome kwa lugha ya nani, na tusome kwa namna gani. La kwanza ndilo lenye kelele kuliko yote. Uchambuzi huu unaona kwamba la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa mkoa kama Simiyu, na kwamba kelele za lile la kwanza zimelifunika.

Biblia zilifika Usukumani kwa milango tofauti

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1. Historia yake ya kusoma Maandiko ni ndefu kuliko mipaka yake. Nassa, kando ya Ghuba ya Speke katika wilaya ya Busega ya leo, palikuwa na kituo cha Waanglikana wa CMS tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1909 kikachukuliwa na Africa Inland Mission, mama wa AICT, na jina la Nassa limebaki hadi leo kwenye chuo cha theolojia cha kanisa hilo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasabato kutoka Ujerumani nao walikuwa wameingia pande za Ntuzu na Kanadi. Wakatoliki walijijenga huku kwa kiasi kikubwa kupitia mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, waliokabidhiwa eneo la Maswa ambalo baadaye likawa Jimbo la Shinyanga.

Kila mlango uliingiza kitabu chake. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka 1925 na Biblia nzima 1960. Kwa Kiswahili, Union Version ilikamilika 1952. Chanzo cha orodha fupi ya vitabu 66 iliyoenea Afrika Mashariki kipo mbali kidogo na ubishi wa imani tunaoujua. Mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje, baada ya mabishano makali yaliyosukumwa hasa na Waskoti, kiliamua kwamba fedha zake zisitumike kuchapa Apokrifa, yaani vile vitabu vya ziada kama Hekima ya Sulemani. Chama hicho ndicho kilichogharamia tafsiri nyingi za bara hili. Muumini wa Nassa hakuchagua vitabu 66, alipokea kilichochapwa. Mwenzake wa parokia ya Maswa naye hakuchagua 73 vya Kikatoliki.

Baadaye milango ilisogeleana. Mwaka 1968 Vatican na Muungano wa Vyama vya Biblia walikubaliana kanuni za kutafsiri pamoja, na miaka ya 1990 ikaja Biblia Habari Njema, kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti, iliyochapwa kwa matoleo mawili: lenye Deuterokanoni (ndivyo Wakatoliki wanavyoviita vitabu hivyo vya ziada) na lisilo nazo. Kwa hiyo mtu anaweza kununua Habari Njema Bariadi mjini na bado asikipate kitabu ambacho jirani yake mwenye Habari Njema anacho. Hilo peke yake limezaa mkanganyiko mwingi kuliko mahubiri kumi.

Orodha tatu na uzito wa kila moja

Wanaoshika vitabu 66 wana hoja nzito: Agano la Kale lao ndilo lile la Wayahudi wenyewe, ingawa Wayahudi huvihesabu vitabu hivyo kuwa 24. Hieronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliegemea upande huo. Udhaifu wao ni kudhani kwamba orodha ya Kiebrania ilikuwa imefungwa zamani na kwa kauli moja. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, bado inataja marabi wakibishana juu ya Mhubiri na Wimbo Ulio Bora. Tena Luther hakuvitupa vitabu vya Apokrifa. Katika Biblia yake ya 1534 aliviweka kati ya Maagano mawili, kama vitabu vyema kusoma lakini si vya kujengea mafundisho. Biblia ya Mfalme James ya 1611 nayo ilivichapa. Vilitoweka taratibu, hasa pale mchapaji na mfadhili walipoanza kuhesabu gharama.

Wanaoshika 73 wana nguvu ya matumizi ya muda mrefu. Na hapa msomaji wa Kiafrika ana jambo la kumfurahisha: orodha yenye vitabu hivyo ilipitishwa mapema katika mitaguso ya Afrika ya Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago 397, enzi za Augustino. Tamko rasmi la mwisho, la Trento mwaka 1546, lilitolewa katikati ya joto la ugomvi na Waprotestanti, na wapinzani hawajaacha kulikumbusha. Ugumu mwingine umo ndani ya vitabu vyenyewe: Yudithi, kwa mfano, anaanza kwa kumwita Nebukadneza mfalme wa Waashuru, kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa historia analiona. Jibu la kawaida la wasomi wa Kikatoliki ni kwamba kitabu hicho ni masimulizi ya kufundishia. Ni jibu linalokubalika, ila anayelitoa hana budi kumruhusu mwenzake alitumie kwa Yona pia.

Orodha ya tatu ni ya jirani zetu. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia lina vitabu 81, Henoko akiwamo, na ni katika Kigeez peke yake kitabu hicho kilihifadhiwa kizima. Kwa hiyo dai la “kufichwa” halina mguu. Waethiopia wamekisoma hadharani karne zote hizi, na Waraka wa Yuda katika Agano Jipya la kila mtu unakirejelea. Kinachostahili kujadiliwa ni kwa nini makanisa mengine hayakukitumia, na hilo ni swali la historia ya kawaida tu.

Kitabu ambacho kimebadilisha mjadala huu kuliko vingine ni Yoshua bin Sira. Kiliandikwa Yerusalemu karibu mwaka 180 kabla ya Kristo, kwa Kiebrania. Mjukuu wa mwandishi akakitafsiri kwa Kigiriki huko Misri baada ya mwaka 132. Maandishi ya Kiebrania yalipotea machoni pa Wakristo kwa muda mrefu mno, hata hoja ya “si cha Waebrania” ikaonekana imethibitika. Kisha mwaka 1896 dada wawili Waskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, wakarudi Cambridge na karatasi chakavu walizonunua safarini. Solomon Schechter akatambua mojawapo kuwa ni Sira. Akaenda Cairo, kwenye ghala la sinagogi ambamo Wayahudi walihifadhi maandishi yaliyochakaa, akatoka na shehena. Mwaka 1964 gombo la zamani zaidi likafukuliwa Masada, katika ngome iliyoangukia mikononi mwa Warumi. Na magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana 1947, yalileta vipande vya Tobiti kwa Kiaramu na Kiebrania, hata zaburi ya 151 kwa Kiebrania.

Uvumbuzi huo hauwapi Wakatoliki ushindi wa jumla. Hekima ya Sulemani bado ni kazi ya Kigiriki, ya mazingira ya Aleksandria, na Sulemani hakuiandika. Lakini unamwondolea Mprotestanti sababu ya kutomgusa Sira. Asiyemkubali kama neno la Mungu amsome kama kitabu cha mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi baada ya Mithali na kabla ya Yesu. Luther mwenyewe aliona humo faida, na mchungaji anayefundisha Mithali bila kumwangalia Sira anaruka hatua nzima ya njia.

Wanaodai Kiebrania kwanza

Kutoka orodha tuingie lugha na namna ya kusoma, ambako misimamo ni mitatu. Wa kwanza, wa wanaodai Kiebrania, mara nyingi hudharauliwa vijijini, na si haki. Yapo mambo ambayo hayaonekani kabisa katika tafsiri. Zaburi ya 119 ina beti 22, kila ubeti una aya nane ambazo zote huanza kwa herufi moja, kufuata alfabeti ya Kiebrania kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana ina aya 176. Msomaji wa Kiswahili anaona tu zaburi ndefu inayojirudia, anachoka katikati. Akiona muundo wake ataelewa kwamba mtunzi alikuwa akizunguka sheria ya Mungu herufi kwa herufi, kwa makusudi, na kwamba urefu ule ni sehemu ya ujumbe.

Kuna pia fujo ya namba. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliunganisha Zaburi ya 9 na 10, kwa hiyo kuanzia hapo hadi karibu na mwisho hesabu yake iko nyuma kwa moja: zaburi ya mchungaji, ya 23 kwa Waebrania, ni ya 22 katika vitabu vya Kilatini. Hata aya zinatofautiana. Zaburi ya 51 ina aya 19 katika Biblia zetu nyingi na 21 katika Kiebrania, kwa sababu Waebrania huhesabu maelezo ya juu yanayomtaja Daudi. Watu wawili wanaweza kubishana saa nzima wakiwa wanasoma jambo lile lile.

Na wasomi wameonyesha kwamba Israeli ilijifunza kwa majirani. Mithali, kuanzia 22:17, inafanana kwa karibu na mafundisho ya Amenemope wa Misri, maandishi yaliyochapishwa 1923. Mwaka uliofuata Adolf Erman akaonyesha ufanano huo. Wapo wanaoogopa taarifa ya namna hii. Sioni sababu. Biblia yenyewe inapima hekima ya Sulemani kwa kuilinganisha na ya Misri, maana yake ilijua kwamba hekima ya Misri ipo.

Ila gharama ni kubwa. Kiebrania kinadai miaka, mwalimu mwenye subira na vitabu ambavyo kwa sehemu kubwa vimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Mchungaji wa Meatu anayelima pamba, anayehudumia mitaa kadhaa kwa pikipiki, akiambiwa asihubiri Zaburi hadi amalize sarufi, atahubiri Warumi tu hadi astaafu. Shuleni hali si tofauti sana: anayechukua Divinity kidato cha tano na sita hujibu mtihani kwa Kiingereza, kwa hiyo shairi la Kiebrania humfikia kupitia lugha ambayo hakulelewa kuimba kwayo. Kosa kubwa zaidi la upande huu ni kugeuza Kiebrania kuwa silaha ya kunyamazishia. Neno moja la kigeni likitamkwa mimbarani, waumini wote huinamisha vichwa, na hakuna wa kuhakiki.

Wanaosoma kwa sikio la Kisukuma

Msimamo wa pili una mizizi mirefu katika ukanda huu. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianzisha kituo cha Bujora huko Kisesa, akaingiza ngoma na nyimbo za Wasukuma katika ibada, na tamasha la Bulabo likashikamana na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni. Katika Jimbo la Shinyanga, Padre Donald Sybertz wa Maryknoll alikusanya methali, hadithi na nyimbo za Kisukuma kwa miaka mingi. Pamoja na Joseph Healey alitoa mwaka 1996 kitabu kinachojenga theolojia juu ya hazina hiyo.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba ushairi wa Kiebrania, kwa jinsi unavyofanya kazi, uko karibu zaidi na wimbo wa Kisukuma kuliko na utenzi wa pwani. Tangu Robert Lowth alipochapisha mihadhara yake ya Oxford mwaka 1753, imefahamika kwamba shairi la Kiebrania halitegemei vina. Linatembea kwa mistari pacha: wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia kwa sura nyingine, unalipinga au unalisukuma mbele. Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri wa Dodoma, alizitunga Zaburi kuwa utenzi, na Mwalimu Nyerere alifanya hivyo kwa Injili. Ni kazi za heshima, na wanaozijua kwa moyo wana haki ya kuzipenda. Lakini utenzi una mizani nane na kina cha kutimiza. Kujaza mizani hiyo, mshairi hulazimika kuvunja ule upacha wa mistari. Anapata muziki wa Kiswahili, anapoteza mwendo wa Kiebrania.

Wimbo wa ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana, una mwendo mwingine. Manju huita, kundi huitika kwa kurudia au kugeuza. Manju hujitaja jina, huwataja wapinzani wake, huomba ashinde, huwacheka walioshindwa. Mtaalamu wa muziki Frank Gunderson amekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa wingi, na anayezisoma huona haya yote. Mtu aliyekulia hapo hashangai anapokutana na Zaburi iliyojaa maadui. Anajua kwamba wimbo ni mahali halali pa kugombana.

Methali vilevile. Mithali 26:4 na 26:5 zinasimama ubavu kwa ubavu zikitoa ushauri unaopingana: moja inakataza kumjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake, nyingine inaagiza ajibiwe. Msomaji wa vitabu vya sheria huona tatizo. Mswahili anayesema haraka haraka haina baraka, na kesho yake anasema ngoja ngoja huumiza matumbo, haoni tatizo lolote. Methali hungoja wakati wake, na hekima ni kujua ipi ya leo.

Hata hivyo sikio hili huchagua. Hupokea kinachofanana na hupita kinachokwaza. Chukua fimbo. Mithali 13:24 na 23:13 hutajwa mara kwa mara kutetea viboko, na Sira sura ya 30 ni mkali zaidi. Mila nayo inakubali, kwa hiyo Biblia na mila hupeana mkono na swali linakufa pale pale. Lakini kwa kipimo cha methali tulichokitaja, aya hizo ni ushauri wa mzee kwa wakati wake. Hazina hadhi ya amri. Kanuni za shule za 2002 zenyewe hazizidishi viboko vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Kadhalika maneno ya Sira kuhusu wanawake na mabinti, hasa sura za 25 na 42, yatapokewa kwa makofi katika baraza la wazee wengi wa Usukumani. Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kuwaambia wasikilizaji kwamba kufanana na sisi si ithibati ya ukweli.

Zaburi kama kinga

Msimamo wa tatu haupo vitabuni sana, ila labda ndio wenye wafuasi wengi kuliko yote. Zaburi ya 91 husomwa kabla ya safari, ya 35 dhidi ya anayekushitaki, ya 109 dhidi ya adui wa siri. Wapo wanaoacha Biblia imefunguliwa chini ya mto.

Wasomi hucheka, nao wakosea. Takriban theluthi ya Zaburi ni maombolezo ya mtu aliye taabani, na kuzitumia taabani ndiyo kazi yake ya asili. Mkulima wa Meatu ambaye mvua imekatika pamba ikiwa na maua anazielewa haraka kuliko mtu wa maktaba. Tatizo huanza zaburi inapogeuka kuwa hirizi, yaani maneno yanapofanya kazi bila anayeombwa. Zaburi ya 109 hapo huwa kombora: jina la jirani linawekwa kimoyomoyo, laana inatumwa. Mtunzi yeye alikuwa akimwachia Mungu kesi. Hakuwa akimkabidhi Mungu hukumu iliyokwisha kuandikwa. Na anayechagua zaburi za ulinzi peke yake hatakutana kamwe na ya 88, inayolia mwanzo hadi mwisho na kuishia gizani bila kupata jibu. Kitabu kilichoiacha zaburi hiyo mahali pake hakikuahidi kwamba kila sala italeta kinga.

Ayubu mbele ya mpiga ramli

Mitazamo hii yote inapimwa vizuri zaidi katika kitabu kimoja. Usukumani, kifo cha mtoto, ugonjwa wa ghafla au ng'ombe wanaokufa mfululizo huleta swali moja mapema: nani kafanya? Jibu hutafutwa kwa mganga, na ramli ikishaelekeza kidole, kuna mzee anayekuwa hatarini, mara nyingi mwanamke mjane. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yameiandama Kanda ya Ziwa, ikiwemo Shinyanga na Simiyu, kwa miongo mingi. Macho mekundu yamefanywa ushahidi, ingawa mama aliyepikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atayatoa wapi macho meupe? Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku ramli chonganishi. Hatua hizo zinagusa tendo; swali linabaki kwenye familia.

Kitabu cha Ayubu kinaligusa swali lenyewe. Elifazi, Bildadi na Sofari wanakuja kumfariji rafiki yao, wanakaa naye chini siku saba kimya, na hilo ndilo jambo jema la mwisho wanalolifanya. Wakifungua midomo, hoja yao ni moja: hakuna linalompata mtu bila mkosaji, na mkosaji ni wewe. Mpiga ramli anasema karibu hivyo hivyo, ila mkosaji ni jirani. Wanatofautiana upande wa kidole. Wanakubaliana kwamba lazima pawe na wa kunyooshewa. Ayubu anakataa, kwa ukali, sura baada ya sura. Na mwishoni, katika 42:7, Mungu anawakasirikia marafiki kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa kama Ayubu alivyosema.

Namna ya kusoma inaonekana uzito wake hapa. Wengi husoma sura mbili za kwanza, ambamo Shetani anapewa ruhusa, kisha wanarukia mwisho, Ayubu anaporudishiwa mali maradufu. Ukisoma hivyo, kitabu kinathibitisha ramli: kuna adui, mshinde, utajirike. Katikati, kwenye lile shairi refu la Kiebrania, Shetani hatajwi hata mara moja na wala hakuna anayemtafuta. Mbaya zaidi, hotuba za marafiki zina maneno mazuri, hivyo huchomolewa na kuhubiriwa kama neno la Mungu na watu wasioangalia nani anasema.

Pwani yetu ina Ayubu wake pia. Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London miaka ya 1920 na J. W. T. Allen akauingiza katika kitabu chake Tendi cha 1971, unasimulia kwa mapokeo ya Kiislamu nabii mwenye subira isiyoyumba. Waraka wa Yakobo nao unasifu uvumilivu wake. Ayubu huyu anafariji, na mfiwa anamhitaji. Lakini akisimama peke yake huwanyamazisha wanaoonewa. Yule wa Kiebrania anadai kesi yake isikilizwe, na mjane anayetuhumiwa uchawi ana haja naye zaidi.

Orodha za vitabu zinarudi hapa kwa mlango wa nyuma. Mwenye vitabu 73 ana Hekima ya Sulemani, inayojibu kwamba mwenye haki aliyekufa yu katika amani kwa Mungu. Analipata jibu haraka, na anaweza kuliruka swali. Mwenye 66 amebaki na Ayubu na Mhubiri katika Agano la Kale, hana njia hiyo ya mkato, ila anaweza kukwama kwenye Mithali na kuamini kwamba maskini ni mvivu tu. Kila orodha ina kishawishi chake.

Kipi kianze

Kwa kupima yote, Kiebrania hakina budi kuwepo, lakini kwa wachache. Makanisa ya Simiyu yangefaidika zaidi kwa kumsomesha vizuri mwalimu mmoja au wawili, ikibidi kwa gharama ya pamoja, kuliko kuwalisha wachungaji wote wiki mbili za alfabeti. Hesabu za zaburi, muundo wa ile ya 119 na historia ya Sira ni mambo yanayofundishika kwa Kiswahili au Kisukuma mchana mmoja, na mwenye orodha fupi hapotezi imani yake akiyasikia. Sikio la Kisukuma liendelee kuwa mlango mkuu, kwa sharti kwamba mwalimu aingie nalo pia kwenye aya zinazokwaza. Kuhusu zaburi za kinga, kuzikataza ni kazi bure. Afadhali ziongezewe zile za kilio, na 88 iwe ya kwanza.

Kazi ya haraka, hata hivyo, ni Ayubu mzima. Sura 42 zinatosha jumuiya kwa miezi ya kiangazi, kati ya kuuza pamba na kuanza kulima tena. Wagawane sauti: mmoja awe Ayubu, mwingine Elifazi, mwingine Bildadi, mwingine Sofari, kijana mwenye maneno mengi apewe Elihu, anayehutubia baada yao, ili kila mtu asikie nani anasema nini. Wasiishie sura ya pili, na wasiache kabla ya 42:7.